Namba mbili kwenye daftari langu

Simu ya maabara ililia nikiwa nimeshika chupa ya dripu. Nilikuwa naisubiri tangu asubuhi, kwa hiyo nikaibana begani, nikachomoa kalamu na kufungua daftari langu la zamu.

“Sista, andika. Kabla ya sindano, 190. Dakika ya 30, 325.”

Nikaandika, nikashukuru, nikakata simu. Halafu nikarudisha kurasa nyuma hadi pale nilipokuwa nimekunja pembe, wiki saba kabla. Hapo palikuwa na namba nyingine ya dakika ya 30, ya mgonjwa mwingine.

318.

Wote wawili wana amiloidosi ya figo, ugonjwa ambao amiloidi, protini iliyokunjamana vibaya, hujilundika kwenye viungo. Wote walichomwa dawa ileile kwa dozi ileile, ya kuziamuru adrenali, tezi zilizo juu ya figo, zitoe homoni ya kortisoli, na kortisoli ya damu zao ilisomwa na mashine moja. Kati ya 318 na 325 hakuna tofauti ya maana. Ukipima damu ya mtu mmoja mara mbili unaweza kupata pengo kubwa kuliko hilo.

Namba ya kwanza ilithibitisha ugonjwa ambao nusura umuue mtu. Ya pili nusura impe mtu ugonjwa asio nao.

Wiki zimepita na bado nazifikiria nikiwa njiani kwenda kazini. Ndiyo maana naandika. Nimebadilisha mambo madogo madogo ili wenyewe wasitambulike, na wote wawili wameniruhusu.

Mzee wa kiti cha dirishani

Mzee alikuwa akija kusafisha damu mara tatu kwa wiki. Ameishi na baridi yabisi ya viungo zaidi ya miaka 30, na ule uvimbe usiokoma ndio uliomletea amiloidi ya aina ya AA. Figo zake zilipoanza kuvuja protini, kinyama kikatolewa kikachunguzwa, jibu likajulikana. Miaka michache baadaye mkojo ukakauka, akaletwa kwetu kwenye mashine.

Presha yake ilikuwa ikishuka akiwa kitini. Saa ya pili au ya tatu unamwona anapiga miayo, jasho linamtoka, macho yanapoteza mwanga. Tunamlaza, tunainua miguu yake, tunapunguza kasi ya kutoa maji, tunamrudishia maji ya chumvi kidogo. Anazinduka. Wiki inayofuata, yaleyale.

Na kila mara tulikuwa na sababu. Leo tumetoa maji mengi. Leo alikunywa dawa ya presha kabla ya kuja. Leo amekula akiwa kwenye mashine. Labda amiloidi imeingia kwenye moyo. Labda imegusa neva zinazobana mishipa mtu anaposimama. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyokuwa ya kubuni. Mgonjwa wa amiloidosi anaweza kushuka presha kwa yoyote kati yake. Zilikuwa sababu nzuri, na kwa kuwa zilikuwa nzuri hatukuendelea kuuliza.

Siku moja nikimfunga bandeji baada ya kumtoa mashineni, akaniambia kwa sauti ya chini: “Sista, mimi huishiwa nguvu hata siku ambazo siji huku.”

Nikamwuliza anaishiwa vipi. Akasema asubuhi akisimama anaona giza. Kichefuchefu hakimwachi. Chakula hakitamani tena, na nguo zinampwaya.

Nikaandika kwenye faili: “Analalamika uchovu.”

Nikafunga faili.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini niliandika maneno mawili tu. Jibu ninalolipata ni kwamba nilidhani ninajua tayari. Mtu ambaye figo zake zimekufa huchoka. Hutapika. Hukonda. Hata ngozi yake huweza kuwa nyeusi zaidi. Ukiweka dalili za figo kushindwa na dalili za adrenali kushindwa kwenye meza moja, utashindwa kuzitenganisha. Potasiamu kupanda, jambo ambalo kwa mtu mwingine lingekushtua, kwa mtu asiyetoa mkojo ni habari ya kila wiki. Sodiamu kushuka vivyo hivyo. Kila dalili aliyokuwa nayo Mzee ilikuwa imeshaandikishwa kwa jina la figo, na hakuna iliyobaki ya kumwulizia mwenye jina jingine.

Tofauti ilikuwa kwenye ile sentensi yake. *Hata siku ambazo siji huku.* Mashine ilikuwa haihusiki. Alinipa ushahidi mkononi nami nikauweka kwenye faili ukalala.

Usiku wa homa

Wiki mbili baadaye alipata kikohozi na homa ndogo, ya aina ambayo mtu mwingine angeipuuza. Alipoletwa usiku presha ilikuwa 70 kwa 40. Sukari ilikuwa 2.8, naye hana kisukari wala hatumii dawa yoyote ya kushusha sukari. Tulimpa maji, presha ikainuka kidogo na kurudi chini. Tukampa tena, ikafanya vilevile.

Daktari wa zamu alikuwa kijana, ana miezi michache tu tangu ahamie kwetu. Alisimama pembeni ya kitanda akipekua faili, akauliza: “Kuna mtu amewahi kumpima kortisoli?”

Hakuna aliyejibu.

Akachukua damu ya kortisoli na ya ACTH, homoni inayoiamuru adrenali, hapohapo, kisha bila kusubiri jibu lolote akaagiza haidrokotisoni, yaani kortisoli ya dawa, miligramu 100 kwenye mshipa. Hili la kutokusubiri nataka nilitilie mkazo, kwa sababu nimewahi kuona likifanywa kinyume. Mtu aliye katika hali ile akingoja jibu la maabara anaweza kufa akiwa kwenye foleni. Unachukua damu, unatoa dawa, maswali yanafuata baadaye.

Ndani ya saa chache presha ilikuwa imeshika. Alfajiri Mzee aliomba uji.

Damu ile ya usiku ilirudi na kortisoli ya 230, nanomoli kwa lita. Ukiisoma peke yake utasema ni namba ya kawaida ya mtu wa mchana. Lakini mtu mwenye homa na presha ya 70 hatakiwi kuwa na kortisoli ya mtu wa mchana. Mwili ulio hatarini hupandisha homoni hii kwa nguvu zake zote. Mwili wa Mzee ulikuwa umetoa vyote ulivyokuwa navyo, na vyote vilikuwa 230.

Tezi na jirani yake

Adrenali zimekaa juu ya figo, moja kila upande, kila moja ina uzito wa gramu nne au tano hivi. Ni jirani za figo kwa mahali tu. Kazi zao ni tofauti kabisa. Amiloidi hata hivyo haijali kazi ya mtu. Ni protini inayosafirishwa na damu, ikakunjamana vibaya, ikawa nyuzinyuzi zisizoyeyuka na kujilundika popote inapopata nafasi. Katika aina ya AA, figo, wengu na adrenali ni miongoni mwa mahali inapopenda. Katika aina ya AL, inayotokana na seli za uboho, moyo na neva huguswa zaidi, ingawa adrenali nazo hazina kinga.

Mwaka 1854 Rudolf Virchow ndiye aliyelitumia jina amiloidi kwa vitu alivyoviona mwilini, akidhani ni jamii ya wanga kwa sababu vilibadilika rangi vikiguswa na aidini. Mwaka 1855 Thomas Addison akachapisha kule London maelezo ya watu waliodhoofika, wakakosa nguvu, ngozi zikawa nyeusi, na adrenali zao zikakutwa zimeharibika. Mwaka mmoja tu umezitenganisha habari hizo mbili. Mimi nilizisoma chuoni katika masomo mawili tofauti na nikazijibu kwenye mitihani miwili tofauti. Hakuna siku niliyoambiwa kwamba zinaweza kukutana ndani ya mgonjwa mmoja.

Wanaochunguza miili ya waliofariki kwa amiloidosi ya AA wamejua siku nyingi kwamba adrenali huwa zina amiloidi mara kwa mara. Ila wanaopata upungufu wa homoni wakiwa hai ni wachache kuliko hao, kwa sababu tezi hizi zina akiba kubwa: inasemwa kwamba takriban asilimia 90 ya gamba lake lazima iharibike ndipo mtu aanze kuugua waziwazi. Mzee huenda aliishi miaka na tezi iliyobakiza kidogo tu. Ile kidogo ilimtosha kwa siku ya kawaida. Haikumtosha kwa kikohozi.

Hilo ndilo linalonitia hofu kuliko yote. Mtu wa namna hii anaonekana mzima kiasi, kisha anafanyiwa upasuaji, au anapata maambukizi, au anaanza kusafishwa damu, na ghafla anadaiwa kortisoli ambayo hana pa kuitoa.

Kumwuliza aliyekaa kimya

Alipotulia tukafanya kipimo kamili. Akaacha kidonge cha jioni na cha asubuhi, kwa sababu haidrokotisoni ni kortisoli yenyewe na maabara haiwezi kujua ipi ni ya mtu na ipi ni ya kidonge. Prednisoloni, dawa ya steroidi inayofanana na kortisoli, nayo huchanganya vipimo vingi. Nikafanya kabla hajaunganishwa na mashine.

Mimi napenda kipimo hiki. Nakipenda kwa sababu hakiangalii tezi ina nini, kinaiuliza inaweza nini. Unachukua damu ya kwanza. Unachoma Synacthen mikrogramu 250, ambayo ni kipande cha ile homoni ya ACTH inayotoka kwenye pituitari, tezi iliyo chini ya ubongo, kuiamuru adrenali: ACTH ina vipande 39 vya asidi amino, dawa hii ina 24 vya mwanzo, na hivyo vinatosha kutoa amri. Kisha unachukua damu dakika ya 30, na wengi huongeza ya dakika ya 60. Tezi nzima ikiamriwa kwa sauti kubwa kiasi hicho huitika. Kwa vipimo vya zamani tulitaka kuona 500 hadi 550 au zaidi. Vipimo vipya vinavyochagua kortisoli peke yake bila ndugu zake vimekishusha kiwango hadi 400 na ushei, kwa hiyo lazima ujue maabara yako inatumia kipi.

Mzee: 205, halafu 318, halafu 330.

Na ile ACTH ya usiku wa homa, iliyokwenda maabara kwenye barafu kama inavyotakiwa, ilikuwa mara nne ya kiwango cha juu. Jibu hili lilitatua swali lililokuwa limebaki, kwa sababu Mzee aliwahi kupewa prednisoloni mara kadhaa miaka ya nyuma kwa ajili ya viungo vyake. Dawa hiyo ikitumiwa muda mrefu hulaza pituitari, na adrenali hulala kwa kukosa wa kuiamuru. Lakini pituitari ya Mzee haikuwa imelala. Ilikuwa ikipiga kelele usiku na mchana kwa tezi isiyoweza kuitika.

Akaanza haidrokotisoni ya kila siku, ameelekezwa kuongeza dozi akipata homa, na amepewa kadi ya kutembea nayo. Presha yake kwenye mashine haijawa kamilifu, nisiseme uongo. Bado kuna siku inashuka. Lakini siku ambazo haji kwetu, anasimama bila kuona giza.

“Tezi zako zimechoka”

Sasa fikiria mimi, nimetoka kwenye tukio lile, ninakutana na binti.

Ana umri wa kuwa mdogo wangu. Kifua kikuu kilipona zamani lakini kilimwachia mapafu yenye makovu na usaha usiokauka, na huo ndio uliomletea AA. Figo zake bado zinachuja, ila zinavuja: gramu 11 za protini kwa siku, wakati gramu tatu na nusu zinatosha kuitwa uvujaji mkubwa. Miguu imevimba, macho yanavimba asubuhi. Albumini, protini kuu ya damu, ilikuwa gramu 14 kwa lita, nayo hutakiwa kuwa 35 na kuendelea.

Na amechoka. Presha yake 95 kwa 60. Akisimama haraka anayumba.

Nikamwendea daktari wetu mkuu na kusema nataka apimwe adrenali. Nilisema kwa ukali kidogo, nakiri. Nilikuwa nimeapa kutokuandika tena “analalamika uchovu” na kufunga faili. Daktari akakubali bila ubishi.

Ndipo ikaja ile simu. 190, halafu 325.

Niliiona namba nikaona sura ya Mzee. Sikungoja raundi. Nilikwenda moja kwa moja kitandani, nikakaa pembeni yake, nikamshika mkono na kumwambia: “Mdogo wangu, tumejua. Tezi zako zimechoka. Kuna dawa.”

Alilia. Alilia kwa nafuu, kwamba hatimaye uchovu wake una jina. Akampigia mama yake mbele yangu.

Saa mbili baadaye daktari mkuu alipita. Nikampa karatasi. Akaisoma, akanirudishia, akaniuliza swali moja.

“Albumini yake ngapi?”

Nikamjibu, 14. Na wakati ule neno likiwa bado mdomoni, nikaelewa nilichofanya.

Kortisoli haitembei peke yake

Kortisoli ndani ya damu hubebwa. Sehemu kubwa, takriban asilimia 80, hushikwa na protini yake maalumu iitwayo CBG, nyingine kiasi na albumini, na inayoelea huru ni asilimia tano au zaidi kidogo. Hiyo inayoelea huru ndiyo inayoingia kwenye seli na kufanya kazi. Lakini kipimo chetu cha kila siku kinahesabu yote kwa pamoja, iliyobebwa na iliyo huru.

Sasa mtu anayevuja gramu 11 za protini kwa siku havuji albumini peke yake. Anavuja na wabebaji wa kortisoli. Wabebaji wakipungua, jumla inapungua, hata kama ile iliyo huru iko sawasawa na tezi ni nzima.

Ukirudi kwa Mzee, albumini yake ilikuwa 33, na figo zisizotoa mkojo hazina pa kuvujishia protini. Namba yake ilikuwa na wabebaji wake karibu wote. Ya binti ilikuwa imepukutishwa na figo zake kabla haijafika kwenye kichupa.

Kwa hiyo kuna jambo ambalo nadhani tunaofanya kazi na wagonjwa hawa hatulisemi vya kutosha. Figo inatudanganya mara mbili. Kwanza dalili zake zinaifunika adrenali iliyokufa, tukaacha kupima. Kisha, tukikumbuka kupima, uvujaji wake unaifanya adrenali iliyo hai ionekane imekufa. Ugonjwa ni mmoja, kipimo ni kimoja, na makosa yanakwenda pande zote mbili.

Kuna na upande wa tatu, uliofichika zaidi. Mwanamke anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, CBG yake hupanda na kortisoli ya jumla hupanda nayo. Tezi dhaifu inaweza kuonekana nzima kabisa. Binti alikuwa hatumii. Lakini sikuwa nimemwuliza kabla ya kuchukua damu, na nililijua hilo nilipokuwa nikirudi chumbani kwake siku hiyo.

Kulirudisha neno

Nilikaa tena pembeni ya kitanda. Nikamwambia niliharakisha. Nikamwambia namba ile haitoshi kusema tezi zake ni mbovu, na haitoshi kusema ni nzima, na tutahitaji kipimo kingine ambacho jibu lake litachukua muda.

Alinitazama kwa muda mrefu. “Kwa hiyo sijui tena kwa nini nachoka?”

“Bado hatujui,” nikasema.

Akageukia ukutani. Sikumlaumu. Jioni mama yake alipokuja aliniuliza, kwa heshima kubwa iliyoniumiza kuliko kama angenifokea: “Sista, mwanangu anaumwa au haumwi?”

Hili ndilo lililonikaa rohoni wiki zote. Kosa la kwanza lilikuwa la kunyamaza, na la pili la kusema, na lile la pili nililifanya kwa kukimbia la kwanza. Nilidhani fundisho la Mzee ni *pima*. Lilikuwa dogo zaidi na gumu zaidi: *sikiliza mpaka mwisho*. Mzee alikuwa amenieleza jambo na sikulimalizia. Karatasi ya binti nayo ilikuwa na maelezo mengine pembeni yake, albumini, mkojo, ACTH iliyokuwa bado haijarudi, nami sikuyamalizia kuyasoma.

Wiki nne

Wakati wa kungoja ulikuwa mgumu kwa kila mtu. ACTH yake ilirudi katikati ya kiwango cha kawaida. Hiyo ilitupa moyo, kwa sababu adrenali inayokufa huifanya pituitari ipige kelele. Potasiamu ilikuwa sawa. Na presha yake ya chini ilikuwa na maelezo: dawa anayokunywa kupunguza protini kwenye mkojo hushusha presha, na albumini ikiwa 14 maji hayakai ndani ya mishipa.

Lakini nilikuwa nimeshaumwa na nyoka wa maelezo mazuri. Sikuweza kuridhika tena kwa sababu tu sababu zipo.

Madaktari walibishana, kwa utulivu lakini kwa kweli. Mmoja alitaka aanzishiwe haidrokotisoni tu, dozi ndogo, liwalo na liwe, kwa sababu kukosa kunaua na kuzidisha kidogo hakuui. Daktari mkuu alikataa. Huyu ni mtu mwenye mapafu yenye usaha, alisema. Ukimpa homoni asiyoihitaji kwa miaka unampunguzia kinga, unamla mifupa, na ukisha kumpa kwa muda mrefu tezi zitalala kweli na hutajua tena zilikuwaje mwanzo. Mimi nilisikiliza wote wawili na niliona wote wana haki.

Wakafikia katikati. Hatapewa dawa ya kila siku. Lakini akipata homa kali, akitapika mfululizo, au akihitaji upasuaji, atahesabiwa kama mtu mwenye upungufu na atapewa haidrokotisoni papo hapo, mpaka jibu lije. Niliyaandika hayo kwa herufi kubwa kwenye faili na kwenye karatasi aliyokaa nayo yeye mwenyewe.

Kipimo chenyewe kilikuwa cha mate. Kortisoli iliyo huru hupenya hadi kwenye mate, iliyobebwa haipenyi, kwa hiyo mate hayajali CBG imevujia wapi. Tulirudia Synacthen na kukusanya mate kabla na baada. Safari hii nilimwuliza kila kitu. Estrojeni, hapana. Vidonge vya biotini vya nywele na kucha, ambavyo huvuruga baadhi ya mashine, hapana. Rifampisini, ambayo huharakisha ini kuimaliza kortisoli, alishaimaliza miaka mingi iliyopita. Dawa ya kuvuta kifuani yenye steroidi, ndiyo, ila aliiacha mwaka uliopita. Nikachungulia fizi zake, maana damu kidogo tu mdomoni huharibu mate yote. Nikamwomba asile wala asipige mswaki kabla.

Akaniambia, “Leo unauliza sana.”

“Ndiyo,” nikasema.

Jibu

Lilikuja siku ya mvua, kwa barua pepe badala ya simu. Kortisoli ya mate ilikuwa imepanda vizuri, juu ya kiwango ambacho maabara ile inakihesabu kuwa cha tezi nzima. Na CBG yake, iliyopimwa kwa damu tuliyoituma pamoja na mate, ilikuwa chini sana.

Adrenali zake zinaitika.

Uchovu wake haujapata jina moja. Una majina kadhaa madogo: damu pungufu, usaha kifuani, maji yasiyokaa mahali pake, usiku wa kukohoa. Dawa ya presha imepunguzwa kidogo na hayumbi tena akisimama. Nguvu sasa zimeelekezwa kwenye mapafu, kwa sababu ini litaendelea kutoa ile protini ya SAA kwa wingi maadamu uvimbe haujatulia, na SAA ndiyo malighafi ya amiloidi. Ikiendelea kujilundika, adrenali zinazoitika leo zinaweza zisiitike kesho kutwa. Atapimwa tena baada ya miezi sita, au mapema zaidi presha yake ikibadilika bila sababu. Sikumficha hilo.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: “Kwa hiyo ile 325 ilikuwa ya uongo?”

Nikafikiri kidogo kabla ya kujibu. Mashine haikukosea. Kwenye kichupa kile palikuwa na 325 kweli.

“Hapana,” nikamwambia. “Mimi ndiye niliyeisoma peke yake.”

Akaniomba aione. Nikafungua daftari kwenye ukurasa ule, akaweka kidole juu ya namba yake, akaniuliza kama nitaifuta. Nikamwambia siifuti. Nikachukua kalamu, nikaandika pembeni yake: *albumini 14*. Kisha nikarudi kurasa za nyuma, penye pembe iliyokunjwa, na pembeni ya 318 nikaandika maneno ya Mzee kama alivyoyasema, yote, siku ambazo siji huku.